Saini Yangu kwenye Pezi la Kipanga

Jumatatu, 7 Januari 1957

Daktari amenishauri mambo mawili kuhusu tumbo langu: nipunguze chai, na kila ninachokimeza kazini bila kukisema nikiandike jioni. Chai sipunguzi. Basi nimenunua daftari.

Mimi ni Enid Loosemore, mkaguzi wa michoro na hesabu katika kiwanda cha ndege hapa Wexcombe. Mchoraji huchora, mimi hukagua, mbunifu mkuu huidhinisha. Saini tatu chini ya karatasi, na karatasi inakuwa sheria. Namba iliyo sahihi naipaka penseli ya njano, yenye kosa naipaka nyekundu. Kwa miaka kumi na tisa wachoraji wamekuwa wakinichungulia begani waone nimeshika rangi gani. Sijui kama kuna anayenipenda, ila sijamwona wa kunidanganya.

Sasa hivi kiwanda kizima kinaishi kwa ajili ya ndege moja. Kwenye makaratasi ni Namba 62, lakini mafundi wanamwita Kipanga. Kazi yake ni kupaa upesi na kuzikuta ndege za mabomu za adui zikiwa bado mbali baharini, kwa mwendo unaozidi wa sauti mara mbili. Amekwisha kuruka tangu Novemba, ila kwa mwendo wa adabu tu. Mabawa yake ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuweka saini: membamba mno, yameegemea nyuma, na kwenye ukingo wa mbele kuna mkato mdogo unaozuia hewa isiteleze kuelekea nchani. Bwana Hallam Treadgold, mbunifu mkuu, aliuchora mkato ule kwa mkono wake. Pezi la mkiani pia ni lake. Alilipunguza futi moja na nusu vuli iliyopita ili kuokoa uzito.

Nasema hivi kwa sababu rubani ni Colin, mtoto wa marehemu dada yangu. Nimemlea tangu ana miaka kumi na minne. Sasa ana thelathini na moja, na bado ananiita Mama mdogo kwa sauti kubwa katikati ya ofisi, wachoraji wakicheka chinichini.

Jumatano, 9 Januari

Mvua. Petroli bado ni kwa kuponi, kwa hiyo nusu ya ofisi imekuja kwa baiskeli, na chumba kizima kinanuka makoti ya sufu yaliyolowa.

Jumanne, 22 Januari

Colin amemrusha Kipanga leo, mara moja na nusu ya mwendo wa sauti. Amekuja kula kwangu na amemaliza viazi vyote.

“Mabawa yakoje?” nikamuuliza.

“Mabawa? Mama mdogo, ningeweza kuyaoa.”

“Na mkia?”

Akatafuna kwanza. “Mkia unatembea kidogo. Kama mtu aliyetoka baa lakini bado hajalewa.”

“Umeandika kwenye ripoti?”

“Niandike nini? Kwamba mkia unatembea? Treadgold atanipeleka kwa daktari wa macho.”

Akacheka, nami nikacheka. Sasa yeye amekwenda zake, nami sicheki tena. Ndege ambayo pezi lake linatosha haina sababu ya kutembea. Karatasi ya pezi ina saini yangu, na namba zote pale nilizipaka njano.

Jumamosi, 26 Januari

Nimekagua tena ile karatasi. Kila namba ni sahihi. Ningepaswa kufurahi.

Jumanne, 5 Februari

Leo nimekwenda ghala la vielelezo, mahali ambapo mkaguzi hana kazi napo. Nilitaka kuona kwa macho kile kielelezo kidogo cha Kipanga kilichopimwa mwezi Oktoba kwenye handaki la upepo, bomba kubwa linalopulizia vielelezo hewa ya kasi. Msimamizi wa ghala alinipa kwa mikono miwili, maana ni kizito. Nikakishika pezini.

Ni chuma cha pua kitupu. Kimechongwa kutoka bonge moja. Ungeweza kusimama juu yake.

Pezi la ndege yenyewe si hivyo. Ni bati la aluminiamu juu ya mbavu nyembamba, kwa sababu Bwana Treadgold alitaka liwe jembamba ili likate hewa. Kwa kasi kubwa upepo utalisukuma nalo litapinda sehemu yake ya juu, na likipinda linaacha kuushika upepo, na pezi lisiloushika upepo ni pambo. Kwenye handaki halikupinda kwa sababu chuma hakipindi. Namba zote zilizoletwa mezani kwangu zilikuwa kweli, lakini zilikuwa za kile kipande cha chuma.

Hakuna aliyenidanganya. Hakuna aliyeuliza, nami sikuuliza. Nimekagua kilichoandikwa. Ambacho hakikuandikwa nimekiacha kipite mbele ya macho yangu, mimi ninayejulikana kwa macho makali.

Alhamisi, 7 Februari

Nimeanza hesabu upya, peke yangu, saa ya chakula. Nimewaambia wengine najinyima nipungue.

Jumatatu, 11 Februari

Dennis Quarrie, mchoraji wa mikia, amepita mezani kwangu na sandwichi ya samaki. “Bi Loosemore, ukiendelea kupungua hivi tutakutia kwenye handaki la upepo tukupime.” Nimefunika karatasi kwa kiwiko. Zamani ningemjibu.

Jumanne, 19 Februari

Nimemaliza. Nimefanya mara mbili, kwa njia mbili, na zote zimefika mahali pamoja. Kwenye moja nukta nane ya mwendo wa sauti pezi linabaki na nguvu kidogo sana. Karibu na mbili halina kitu. Pua itakwenda upande, mkia hautairudisha, na kwa kasi ile ndege ikigeuka ubavu haipotei njia tu. Inavunjika.

Mbio za mara mbili ya sauti zimepangwa tarehe kumi na mbili Machi. Anayekaa mbele ni Colin.

Jumatano, 20 Februari

Sikusema.

Alhamisi, 21 Februari

Sikusema. Mvua ya mawe.

Jumatatu, 25 Februari

Nataka niwe mkweli humu, maana kwingine siwi. Ningeweza kumwambia Colin kesho asubuhi. Ni maneno kumi. Lakini neno la kwanza atakalouliza ni nani aliyeweka saini.

Na yupo Bwana Treadgold. Mwaka 1938 nilipokuja hapa, mwanamke aliyeingia ofisi ya michoro aliingia akisukuma kigari cha chai. Yeye ndiye aliyenikuta nikisoma mchoro uliobandikwa ukutani, akaniuliza kosa liko wapi, nikamwonyesha. Kesho yake nilikuwa na kiti. Kiti chenyewe ni hiki ninachokalia.

Jumatatu, 4 Machi

Nimekwenda. Nimepiga moyo konde nikapanda ngazi na karatasi zangu kumi na tisa.

Alisoma akiwa amesimama, mpaka ya mwisho. Hakuruka hata mstari, na hilo nilimheshimu.

“Nani alikuomba ufanye hizi?”

“Hakuna, Bwana.”

“Nikilirudishia pezi urefu wake, naongeza uzito nyuma. Nikiongeza uzito nyuma, nahamisha matangi ya mafuta. Nikihamisha matangi, nafungua bawa upya. Miezi minane, Enid. Wizara inataka mara mbili ya sauti kabla ya Pasaka, la sivyo watageukia makombora yao.”

“Najua.”

“Na hizi si vipimo. Ni makisio ya kupinda kwa kitu ambacho hujakipima.”

“Ndiyo. Kwa hiyo tukipime.”

Akaziweka chini, akanitazama kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza. “Niambie kweli. Kama kwenye kile kiti angekaa mtoto wa mtu mwingine, ungekuja hapa?”

Jibu lilikuja nikiwa kwenye basi: ndiyo, ningekuja. Lakini pale mbele yake nilisimama mdomo wazi, naye akaona alichotaka kuona, mama mdogo wa watu mwenye hofu.

“Sikiliza,” akasema. “Nitamwambia asivuke moja nukta saba siku hiyo. Baadaye tutazifungua hizi hesabu pamoja, mimi na wewe. Sawa?”

Nikasema sawa. Nikashuka ngazi nikiwa mwepesi kama niliyetuliwa gunia.

Jumanne, 5 Machi

Siku ya chapati za maji, mkesha wa Kwaresima. Colin amekula saba, kwa limau na sukari. Nilitaka kumuuliza kama ameambiwa kuhusu moja nukta saba. Nikajiambia ni kazi ya ofisi ya urushaji, na kwamba si vizuri kuzungumza kazi mezani. Mimi, ambaye sijawahi kuzungumza kitu kingine mezani.

Jumatatu, 11 Machi

Anga jeupe. Wanasema kesho hakuna mawingu.

Jumanne, 12 Machi

Saa nne na dakika ishirini asubuhi waliwasha injini. Ofisi yetu iko mbali na njia ya kurukia lakini vioo hutetemeka, na wachoraji wote walisogea madirishani kama wafanyavyo siku zote. Mimi nilibaki mezani. Kigari cha chai kilikuwa kimefika, mama wa chai akaniwekea kikombe.

Niliwaza hivi: Treadgold ameshamwambia. Kisha nikawaza: na kama hajamwambia? Simu ilikuwa kwenye meza ya Dennis, hatua sita kutoka kwangu. Mnara wa uwanja hujibu upesi. Ningesema, “Huyu ni mkaguzi, mwambieni rubani asivuke moja nukta saba,” na wangemwambia. Na chumba kizima kingegeuka, na Dennis angeuliza kwa nini, nami ningelazimika kusema mbele ya watu ishirini na watano kwamba nilipaka njano kipande cha chuma.

Nikanywa chai. Niliinywa yote. Nakumbuka ilikuwa na sukari nyingi na sikulalamika.

Alipaa. Sauti yake ikaenda baharini ikapotea. Dakika tisa baadaye Dennis akasema, “Anarudi! Mbona mapema?” Taa ya onyo la mafuta ya mitambo iliwaka akiwa kwenye moja nukta nne, naye akageuza kama taratibu zinavyotaka. Vali mbovu tu. Kitu cha ukubwa wa kidole gumba.

Amekuja jioni amenuna kama mtoto aliyenyimwa peremende. “Mbili kamili, Mama mdogo! Ilikuwa mkononi mwangu!”

“Walikuambia uende mbili kamili?”

“Sasa waniambie niende ngapi?”

“Bwana Treadgold hakukuwekea kikomo?”

“Treadgold alinishika mkono akaniambia niikanyage mpaka mwisho.” Akanitazama. “Vipi? Umekuwa mweupe.”

Nikamwambia ni tumbo.

Jumatano, 13 Machi

Kabla ya kazi nilimngojea Bwana Treadgold kwenye kibanda cha baiskeli.

“Hukumwambia.”

Hakujitia hamnazo. Alifungua pampu ya baiskeli, akaifunga tena. “Ningemwambia, angeniuliza kwa nini.”

Nilitaka kumchukia na ningeweza kabisa, ila sababu yake ilikuwa sababu yangu, neno kwa neno.

Hapa kwetu saini inaweza kufutwa. Ni haki ya mkaguzi, nayo hufanywa hadharani. Unaitoa karatasi asilia kabatini, unaibandika kwenye ubao wa mbele, unapiga mstari mwekundu juu ya jina lako, unaandika tarehe. Tangu hapo kila mchoro unaotegemea karatasi ile unasimama mpaka ikaguliwe upya. Katika miaka yangu yote sijaona mtu akifanya hivyo. Alikuwapo mmoja kabla ya vita. Siku hizi anauza mbegu za maua.

Saa tatu kamili nilibandika karatasi ya pezi. Nikapiga mstari. Kisha nikageuka nikawaambia wote: kielelezo kilikuwa cha chuma, pezi la kweli linapinda, sikuuliza, kosa ni langu. Michoro arobaini na moja imesimama, na mbio za Kipanga zimesimama nayo.

Penseli ya mtu ilianguka ikabingirika mpaka ukutani, tukaisikiliza wote.

Ijumaa, 15 Machi

Wamenisusa. Hapa watu hawagombani. Wanakususa. Nikisema habari za asubuhi, kila mtu ana jambo la kutazama kwenye meza yake. Kigari cha chai kinapita meza yangu bila kusimama. Angalau daktari atafurahi.

Jumamosi, 16 Machi

Colin amekuja, hakuketi.

“Watu uwanjani wananiuliza kama Mama mdogo wangu ataniruhusu kuvuka barabara peke yangu.”

“Colin, pezi linapinda.”

“Kila kitu kinapinda! Mabawa yanapinda, hata mimi napinda! Ulishindwa kuja kuniambia mimi kwanza? Mpaka ukabandike ubaoni, unifanye mtoto mbele ya kikosi kizima?”

“Haikuwa kwa ajili yako. Ilikuwa kwa ajili ya namba.”

“Wee! Kwa miaka kumi na tisa namba hazijakutoa jasho. Zimekutoa jasho zilipokuwa na uso wangu.”

Amehama mtaa wetu, amepanga chumba karibu na uwanja. Kanidhania mwoga kwa sababu ya upendo, nami nikamwacha adhani hivyo, kwa sababu ilipendeza kuliko ukweli.

Jumanne, 26 Machi

Bwana Treadgold ameamuru kitengenezwe kielelezo kingine, chenye pezi jembamba linalopinda kwa kiasi kilekile cha pezi la kweli. Kitaingia handakini tarehe kumi Aprili. Hakuniambia yeye. Nimesoma kwenye ubao.

Jumapili, 31 Machi

Mvua tu. Kanisani benchi langu lilikuwa na nafasi kubwa.

Alhamisi, 4 Aprili

Wametufuta.

Mchana tulikuwa kwenye bwalo la chakula, kabichi na nyama ya kusaga, mara mkurugenzi akapanda juu ya kiti. Hajawahi kupanda juu ya kiti. Alisoma karatasi ya Wizara: enzi ya ndege za namna hii zenye mtu ndani imekwisha, ulinzi wa nchi utakuwa wa makombora, Namba 62 inasimama leo, kila mtu aache kifaa alichoshika. Akasoma mara ya pili, nadhani kwa sababu hakuamini ya kwanza. Watu elfu moja na mia moja. Wanaume niliowaona wakizima moto wa mabomu bila kupepesa macho walikuwa wakilia kwenye sahani.

Nami nilijisikia vipi? Nitaandika, daktari alitaka niandike. Nilifurahi. Furaha ilinipanda kutoka miguuni mpaka nikaogopa itaonekana usoni, nikainamia kabichi. Hatapanda tena. Hatapanda tena ile ndege, hata siku moja.

Kisha Dennis Quarrie akasimama mbele ya meza yangu, akasema neno lake la kwanza kwangu baada ya wiki tatu.

“Wiki tatu, Bi Loosemore. Tungekuwa tumeshafika mara mbili ya sauti. Wasingethubutu kuiua ndege iliyofika.”

“Au angekuwa amekufa.”

“Hilo hulijui.”

Ni kweli. Silijui.

Jumanne, 9 Aprili

Amri imekuja kila kitu kikatwe: ndege, vifaa, vielelezo, michoro. Nimewasikia wakimkata Kipanga kwa moto tangu asubuhi. Walianza na mabawa. Sikutegemea kuumia, nimeumia.

Kielelezo kipya kimefika kutoka karakana leo, siku moja kabla ya zamu yake. Nilimkuta Bwana Treadgold peke yake kwenye chumba cha handaki, anakitazama. Amezeeka mwezi huu kuliko miaka yote kumi na tisa.

“Handaki liko tupu,” nikasema. “Mafundi bado wapo. Ni saa mbili za kazi.”

“Za nini?”

“Tujue.”

“Ukiwa sahihi, nilikuwa namchorea kijana wako jeneza. Ukiwa umekosea, uliua ndege bora kuliko zote nilizochora. Unataka ipi, Enid?”

“Iliyo kweli.”

Alikibeba mwenyewe mpaka kwenye pipa la vyuma chakavu. Hakukitupa, alikilaza taratibu. Nilisimama nikitazama, nami ningeweza kukichukua. Mpaka saa hii nataka kujua, na sitajua.

Jumanne, 16 Aprili

Nimeajiriwa na kiwanda cha majokofu. Wanakagua milango.

Jumapili, 21 Aprili

Pasaka. Nimekula yai moja.

Jumamosi, 27 Aprili

Colin amekuja kuaga. Amepata kazi ya kurusha ndege za abiria Australia, meli inaondoka Jumatatu. Nilipika viazi akala, na kwa muda ilikuwa kama zamani. Akasukuma sahani.

“Mama mdogo, nimekuja kusema kitu. Nilikuwa na hasira nawe. Lakini nimekaa nikafikiri. Uliniona naenda kwenye hatari ukashindwa kuvumilia, ukasimamisha kiwanda kizima kwa ajili yangu. Hata kama ulikosea, nani mwingine angenifanyia hivyo? Basi nimekusamehe.”

Akanyoosha mkono juu ya meza akashika wangu. Ningekubali tu, mambo yaishe. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nikubali.

“Usinisamehe kwa hilo,” nikasema. “Nilijua tangu tarehe kumi na tisa Februari.”

“Ulijua nini?”

“Kwamba pezi halitakushika kwenye mbili. Tarehe kumi na mbili Machi, ulipopaa, nilijua. Simu ilikuwa hatua sita kutoka kwangu.”

Hakuuondoa mkono mara moja. “Ulikuwa unafanya nini?”

“Nilikuwa nakunywa chai.”

“Kwa nini?”

“Ningepiga simu, wangejua saini ni yangu.”

Nje watoto wa jirani walikuwa wakipiga mpira ukutani.

“Na kama ile taa isingewaka?”

“Ungeendelea kwenda.”

“Na wewe?”

“Ningeendelea kukaa.”

Akauvuta mkono wake. Hakupaza sauti, na mimi nilikuwa nimejikaza kungojea sauti. Alivaa koti, akafunga vifungo vyote mpaka cha juu, akachukua kofia. Mlangoni akageuka, akanitazama kwa adabu, kama anavyomtazama mtu wa ofisini.

“Kwaheri, Bi Loosemore,” akasema.

Nilisimama dirishani mpaka basi lake likaondoka. Ningenyamaza, angeendelea kuniita Mama mdogo mpaka nife.